Shati la Nne

Ukuta ulio kati ya nyumba yangu na ya Adélaïde, hapa Buyenzi, ni wa tofali moja, na tofali lenyewe limechoka. Kwa hiyo nikikwambia ninamjua Adélaïde, usidhani ni ujirani wa salamu. Ninajua akikohoa. Ninajua siku aliyogombana na mumewe kwa ajili ya chumvi. Na kwa miaka minne sasa ninakaanga sambusa zangu huku nikiisikia cherehani yake, ile ya kukanyaga kwa miguu, taka-taka-taka, tangu asubuhi. Ikinyamaza ghafla, natoka nje kuuliza kuna msiba gani.

Walihamia kwetu kutoka Gatumba, baada ya maji kuwaingilia mara ya pili. Mumewe, Melchior, aliokoa gita. Adélaïde aliokoa vyeti vya shule vya watoto, kisha akarudi ndani, maji yakimfika kiunoni, akatoka na kichwa cha cherehani juu ya kichwa chake. Meza yake na miguu ya chuma ilibaki matopeni wiki mbili. Waliposugua kutu kwa mchanga cherehani ikafanya kazi tena, ila kanyagio likabaki na kilema: kila likishuka linagonga chuma. Mteja akilalamikia kelele, Adélaïde humwambia, "Inakuhesabia mishono yako, usiibiwe."

Sasa habari ya muziki. Melchior, kabla ya kuwa mpishi wa kantini moja mjini, aliwapikia wamisionari waliotoka milima ya Marekani. Jioni watu wale walitoa gita, fidla na banjo, wakaimba nyimbo za Mungu mbiombio, kama wameacha nguo kambani na mvua inakuja. Muziki huo unaitwa bluegrass. Mimi ni Muislamu, mtoto wa Buyenzi, babu yangu kazikwa hapa, na nyimbo za kanisani si kazi yangu kuzihukumu. Lakini nisiseme uongo: mguu wangu huzijibu kabla sijaukataza. Wamisionari walipoondoka walimwachia Melchior banjo. Leo yeye anapiga gita na kuimba sauti ya chini, mwanawe Valéry anapiga banjo mpaka vidole huvioni, na binti yake Carmen, muuguzi huko Ngozi, ndiye mwenye sauti yenyewe. Carmen akipanda juu, hata mimi hupunguza moto chini ya karai ili nisikie.

Nyumba yao ina sebule moja. Mazoezi humo, ushonaji humo. Miaka miwili nyuma Valéry aliweka simu yake juu ya meza, wakarekodi nyimbo sita kwa jumapili moja, wakaziita albamu. Zikazunguka WhatsApp mpaka Uvira. Kulikuwa na picha ya kuitangaza: Melchior, Valéry na Carmen, wote watatu kwa mashati ya kitenge kimoja. Aliyeshona mashati ni Adélaïde. Aliyepiga picha ni Adélaïde. Jina la Adélaïde halikuwepo popote.

Basi mwaka huu ikaja simu. Kijana wa watu mmoja anaitwa Hyacinthe, fundi wa sauti mwenye studio Kibenga, alikuwa amezisikia zile nyimbo za simu na hakupata usingizi. Akasema njooni, nawapa alhamisi nzima, tufanye albamu ya kweli, nyimbo nane. Nilisikia kelele ukutani nikadhani wamevamiwa na wezi. Kumbe ni Valéry anaruka.

Walipotulia, nikamsikia Adélaïde akiuliza polepole, "Na mi, jina yangu mutaliandika?"

"Mama Valéry," Melchior akajibu, "we unapiga nini?"

Wakacheka. Na yeye akacheka, lakini cheko lake lilikuwa fupi, likaisha kabla ya yao. Kisha cherehani ikaanza tena. Mimi nilikasirika mpaka nikaunguza sambusa kumi na mbili, na sijawahi kuwaambia wale watatu kwamba walinitia hasara.

Asubuhi ya alhamisi nilikwenda kwao na vazi langu zuri, maana safari ya studio si ya kila siku. Carmen alikuwa amefika jana yake kutoka Ngozi, na kesho yake alfajiri anarudi kazini. Ni siku hiyohiyo au basi tena. Nje, mdogo wangu Ilyasi alikuwa amewasha tuktuk yake. Alikuwa na petroli aliyoificha tangu wiki iliyopita, na siku hizi mtu akikupa petroli yake amekupa damu. Mashati mapya matatu yalikuwa yamening'inia mlangoni, ya buluu yenye ndege wa njano, pasi imenyooka.

Adélaïde alikuwa ameketi kwenye cherehani.

"We hauendi?" nikamuuliza.

"Nani atabaki na wateja? Niko na mapazia ya watu, wanayataka kesho." Akanipa sufuria la wali na maharage lililofungwa kwa kitambaa. "Enda we, Mama Hayat. Unisikilizie."

Kwenye kikapu chake, chini ya mapazia, niliona kitenge cha buluu chenye ndege wa njano.

"Na hii?"

"Imebaki tu."

Nimekaa na mafundi wa nguo maisha yangu yote. Kitambaa kilichobaki hakiwi na mikono miwili na kola. Lakini nilinyamaza, maana machozi yangu huwa karibu na hasira yangu, na tuktuk ilikuwa inapiga honi.

Studio ya Hyacinthe ni nyumba ya kawaida yenye bustani, karibu na ziwa. Ndani, chumba kimoja amekiziba kwa magodoro ukutani. Hyacinthe mwenyewe ni mwembamba, ana miwani, na furaha yake ilikuwa kama ya mtu anayepokea bibi harusi. Alimshika Melchior mikono yote miwili.

"Papa, karibu, karibu! Iko bahati leo, umeme iko mpaka saa kumi na moja. Bon. Na mutu wa ngoma, anakuja nyuma?"

"Ngoma gani?" akauliza Melchior.

"Ile kangoma kadogo, iko chini ya nyimbo zote. Ndiyo ilinimaliza!"

"Shiye hatuna ngoma," akasema Valéry. "Itakuwa simu tu. Simu yangu ilikuwa mubovu."

Hyacinthe akajikuna kidevu, akawapanga. Melchior hapa, Valéry pale, Carmen mbele ya mikro ya kunasia sauti. Mimi nikawekwa kitini kwenye kona, nikaambiwa nisikohoe. Moyo wangu ulikuwa unadunda utadhani ni mimi ninayeimba.

Wakaanza. Wimbo wa kwanza ulianza vizuri, ukafika ubeti wa pili, na hapo banjo ya Valéry ikaondoka. Ikakimbia. Melchior akaikimbilia na gita lake, akapitiliza, akabaki anaisubiri mbele. Carmen akafumba macho kama mtu aliyepanda gari lisilo na breki. Wakasimama.

"Haina shida," akasema Hyacinthe. "Turudie."

Wakarudia. Safari hii waliogopa kukimbia, wakaburuta miguu, wimbo wa furaha ukawa wa mazishi. Mara ya tatu, mbio. Mara ya nne, kila mtu na njia yake. Kufika saa tano mashati mapya yalikuwa yameloa migongoni, na hakuna hata wimbo mmoja uliokamilika.

Hyacinthe akawavalisha vile vya masikioni, akawawekea mdundo wa kompyuta, tik, tik, tik, ili uwashike. Melchior alistahimili dakika tatu kisha akavivua.

"Apana! Hii kitu inanifukuza. Naimbia Mungu, ao naimbia saa ya ukuta?"

"Papa," akasema Carmen, "nyumbani tunaweza. Juzi kwa simu si nimewasikia munaweza? Hapa kuko nini?"

Valéry alikuwa anakaza nyuzi za banjo ambazo hazikulegea. Saa sita na nusu Hyacinthe akasema kwa upole wale kwanza, na kama mchana itaendelea hivi, basi wafikirie siku nyingine. Siku nyingine! Kila mtu pale alijua siku nyingine haipo. Mimi niliwapakulia wali hawakuula, nikatoka kibarazani, nikatia udhu kwenye bomba la bustani, nikaswali adhuhuri yangu. Nilipomaliza niliwaombea pia. Mungu ni mmoja, atajua dua aipeleke wapi.

Nilikuwa bado nimekaa juu ya mkeka, mgongo wangu kwenye ukuta wa studio, ndipo Hyacinthe alipoweka zile nyimbo za zamani za simu, kwenye spika zake kubwa, ili wakumbuke mwendo wao. Sauti ikanijia kupitia ukutani. Nami nikajikuta nyumbani. Nilisikia harufu ya mafuta ya sambusa, wallahi, bila karai wala moto. Banjo, gita, Carmen, na chini yao, bila kuchoka, taka-taka-taka-taka.

Niliinuka kwa kasi ambayo umri wangu hauiruhusu. Nikaingia bila kubisha.

"Ni cherehani!"

Wote wanne wakanitazama.

"Ile ngoma! Ni Adélaïde! Miaka yote munapiga, yeye anakanyaga. Hamujaimba hata siku moja cherehani ikinyamaza. Mi niko nyuma ya ukuta, mi ndiye najua! Anaanza yeye, nyinyi munafuata. Akikata uzi, munasimama munaanza kugombana. Munafikiri mi nasema uongo?"

Hyacinthe akarudisha wimbo mwanzo, akauongeza sauti. Ilikuwa wazi kama jua. Cherehani ilianza kwanza, hatua nne, ndipo banjo ikaingia. Valéry akajishika kichwa. Carmen akaanza kucheka huku analia. Melchior yeye alibaki ameitazama spika, na sijui aliona nini humo, lakini uso wake ulishuka polepole mpaka nikamhurumia. Kidogo.

"Nampigia simu," akasema, akitafuta mfukoni.

"Simu?" nikamwambia. "Baba Valéry, mutu uliyemucheka haumuite kwa simu. Panda tuktuk."

Alipanda. Ilyasi alituendesha kama aliyeiba. Njia nzima Melchior alishika chuma cha tuktuk kwa mikono miwili, midomo inachezacheza, anapanga maneno, anayapangua. Sisi husema asiyekuwepo na lake halipo. Nilikuwa nawaza kwamba huyu mwanamke amevunja methali nzima: hakuwepo kwenye picha, hakuwepo kwenye majina, na lake lilikuwepo kila mahali.

Tulimkuta palepale, pazia la kijani limemwangukia miguuni. Kanyagio likasimama.

"Kuko nini? Carmen anaumwa?"

"Apana," akasema Melchior. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa yamebaki barabarani. Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Mama Valéry, tumepotea. Bila we hatujui kwenda. Toka asubuhi hatujamaliza hata wimbo moya."

"Mi sijui kuimba. Unajua."

"Niliuliza unapiga nini." Akalitazama kanyagio. "Nilikuwa mujinga. Ile tunaita muziki wetu, ni mguu yako."

Mimi nilikuwa mlangoni nimeuma ncha ya mtandio wangu, na Ilyasi nje anaonyesha saa. Adélaïde akainama, akafungua skrubu ya meza kwa kidole gumba na kisu, kama mtu aliyekuwa anangoja kuambiwa.

"Cherehani haikanyagwi bure," akasema. "Bila kitambaa inaharibika. Nabeba kazi yangu."

"Beba," akasema Melchior. "Beba nyumba yote ukitaka!"

Na akakibeba kikapu, mapazia na kilichokuwa chini ya mapazia.

Kuingiza cherehani kwenye tuktuk na watu wanne ni elimu. Kichwa cha cherehani nilikipakata mimi. Meza tuliifunga nyuma kwa kamba ya ng'ombe, miguu juu. Kufika Kibenga saa nane ilikuwa imepita, na Hyacinthe alikuwa getini, anarukaruka kwa mguu mmoja na mwingine.

Aliiweka cherehani katikati ya chumba, akawaambia wale watatu waizunguke, karibukaribu, kama sebuleni kwao. Kisha akapiga magoti, akaweka mikro mojawapo chini kabisa, kwenye kanyagio lile lenye kilema. Adélaïde akatia uzi, akaingiza pazia chini ya sindano, akapangusa mikono kwenye kitenge chake.

"Nianze tu?"

"Anza, mama. Shiye tutakufuata," akasema Valéry.

Hatua nne. Taka-taka-taka-taka. Banjo ikaingia, na wallahi nywele zilinisimama chini ya mtandio. Gita likakaa mahali pake. Carmen alifungua mdomo na sauti ikatoka kama mtu aliyevua viatu vilivyombana. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyeburuta. Walikwenda! Mimi niliyekatazwa kukohoa nilikaa juu ya mikono yangu ili nisipige makofi, na Hyacinthe nyuma ya kioo kinachotenga mashine zake alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa, miwani imemshukia puani.

Mara moja tu, wimbo ukaingia kwenye kompyuta.

Tukagundua mambo pale. Pazia moja ni wimbo mmoja, ukiwa na beti nne. Kwenye kona ya pazia Adélaïde lazima asimame ageuze kitambaa, na katika wimbo wa pili kona ikaja katikati ya ubeti. Alisimama. Kila mtu akashtuka isipokuwa Valéry, ambaye alijaza pengo lile peke yake kwa banjo, vidole vikimwagika, mpaka mama yake alipogeuza na kuendelea. Hyacinthe akapiga kelele kwamba hapo ndipo pazuri kuliko pote, asithubutu mtu kuparekebisha. Toka hapo wakawa wanaitazama kona ikija, wanachekeana kwa macho. Melchior alikuwa akiinama kuimba sauti yake ya chini karibu kabisa na bega la mkewe, na sikumwona akilitazama gita hata mara moja.

Wimbo wa tatu, wa nne, wa tano. Mapazia ya mteja yakaisha saa kumi kasoro robo, pindo zake zimenyooka kuliko zote alizowahi kushona.

"Mama, kungali nyimbo tatu," Hyacinthe akasema kwa wasiwasi. "Kitambaa imeisha?"

Adélaïde aliingiza mkono chini ya kikapu, akatoa kitenge cha buluu chenye ndege wa njano. Mgongo, mbele mbili, mikono, kola. Alivipanga juu ya meza bila kumtazama mtu.

Carmen alikiangalia kile kitambaa, akaliangalia shati lake, akaelewa. Aliweka mkono mdomoni. Melchior akasogea, akaugusa ule mkono wa shati uliokatwa vizuri ukalala tayari, siku ngapi sijui.

"Ulikata nne," akasema.

"Nilikata nne," akasema Adélaïde. "Muimbe, umeme itakatika."

Waliimba. Wimbo wa sita, mabega yakaunganishwa na mgongo. Wa saba, mikono ikaingia. Wa nane ni wimbo wao wa haraka kuliko zote, na hapo alikuwa kwenye ubavu, mshono mrefu kutoka kwapani hadi chini, halafu ubavu wa pili, halafu pindo, halafu akarudia juu yake kwa sababu Carmen hakutaka kunyamaza na mguu haukutaka kusimama. Noti ya mwisho ilikuwa bado inaning'inia hewani taa zilipozimika. Saa kumi na moja haijafika hata!

"Imeingia?" akalia Valéry gizani mwa yale magodoro. "Hyacinthe, imeingia?"

Kisha Hyacinthe akatokea mlangoni na kompyuta yake mikononi, ile inayotumia betri, taa yake imemmulika meno yote thelathini na mawili.

"Yote iko ndani! Mpaka umeme kukatika iko ndani!"

Tulipiga vigelegele mpaka majirani wa Kibenga, watu wa heshima zao, wakachungulia juu ya ukuta. Mimi nilipiga kuliko wote.

Tukatoka bustanini kupiga picha kabla jua halijashuka. Safari hii aliyeshika simu ni mimi, na nilimwambia Melchior kwamba akithubutu kunipokonya nitaitupa ziwani. Hyacinthe alikuwa na karatasi, anaandika majina.

"Valéry, banjo. Carmen, sauti. Papa Melchior, gita na sauti." Akainua kalamu.

Melchior ndiye aliyejibu. "Andika juu kabisa. Adélaïde, cherehani."

Adélaïde alipotoka ndani amelivaa shati lake, sote tuligeuka. Lilimkaa vizuri, kama alivyojua litamkaa. Akasimama katikati yao, wanne kwa kitenge kimoja, mkono wake wa kulia ameuweka kifuani, macho yananitazama mimi moja kwa moja.

Albamu sasa iko kila mahali, na watu wanaoiona ile picha huniambia mama yule ana ibada kweli, tazama alivyoweka mkono moyoni. Mimi huitikia tu, naam, ana ibada. Lakini nilikuwepo. Shati lilikuwa bado halina vifungo, na hakutaka kusubiri.